Seva Isiyokumbuka Wateja Wake

Katikati ya miaka ya 1980 diski ilikuwa ghali, na kampuni ya Sun Microsystems ya California iliuza kompyuta za ofisini ambazo nyingine hazikuwa na diski kabisa. Mafaili ya kompyuta hizo yalikaa kwenye seva moja. Ili yasomeke kana kwamba yako hapo mezani, Russel Sandberg, Bob Lyon na wenzao walitengeneza NFS, mfumo wa kushirikisha mafaili kupitia mtandao, iliyotoka na mfumo endeshi wa SunOS 2.0 mwaka 1985. Saraka ya seva ilipachikwa kwenye kompyuta ya mfanyakazi, naye akafungua faili bila kujali liko chumba gani.

Uamuzi wao mzito ulikuwa kuinyima seva kumbukumbu ya wateja, yaani kompyuta zilizoiomba mafaili. Ilifanya kazi kama muuza duka asiye na daftari la madeni: kila ombi lilijieleza lenyewe, likitaja faili, mahali pa kuanzia kusoma na idadi ya baiti. Seva ikianguka na kuwaka tena, haikuwa na la kurejesha. Mteja aliendelea kuomba mpaka ajibiwe.

Wahandisi hao wanastahili sifa. Urahisi huo uliifikisha NFS kwenye mashine za makampuni mengi, na mwaka 1989 itifaki yake ikachapishwa wazi kama waraka wa RFC 1094. Lakini usahaulifu uleule ulizaa taka ambazo mafundi wanazifagia hadi leo.

Ingawa haikuyahitaji ili kujibu maombi, seva iliandika majina ya waliopachika saraka zake katika faili la rmtab. Mteja aliyezimika ghafla hakuaga, kwa hiyo jina lake lilibaki humo, na fundi aliyeitegemea orodha hiyo alihesabu mashine zilizokwisha kuondolewa. Faili likifutwa huku programu ingali inalitumia, mteja alilibadilisha jina tu, likaanza na “.nfs”, ili alifute baadaye. Akizimika kabla ya hapo, liliachwa yatima. Solaris, mfumo endeshi wa Sun, iliwekewa programu ndogo ya nfsfind, iliyopita kila Jumapili alfajiri kufuta mafaili ya aina hiyo yenye zaidi ya siku saba.

Kilichowatesa mafundi zaidi ni kiungo, yaani saraka iliyopachikwa, cha seva ambayo hairudi tena. Programu inayosubiri jibu huganda, na kwa miaka mingi kwenye Linux hata amri kali ya kill -9 mara nyingi haikuigusa; njia ikawa kuwasha mashine upya, na kazi za watu wengine zikakatika. Nafuu ilikuja na Linux 2.6.25 mwaka 2008, ambapo programu inayoingoja NFS ikaweza kuuawa.

Toleo la nne la NFS, lililoanza na RFC 3010 mwaka 2000, liliipa seva kumbukumbu: mteja hupewa muda, ambao kwa kawaida kwenye Linux ni sekunde 90, na asipouhuisha hupoteza kufuli alizoziweka kwenye mafaili. Hata hivyo toleo la tatu la mwaka 1995 bado linatumika katika makampuni mengi, na usafi wake unataka utaratibu. Fundi huuliza kwanza kwa amri ya fuser ni programu zipi zinashikilia saraka, azisimamishe, kisha atoe amri ya umount ili kuibandua. Kuiongezea umount alama ya -l kwa haraka hukificha kiungo tu, huku programu zilizoganda zikiendelea kukishikilia. Mwisho hufuta mstari wa saraka hiyo katika /etc/fstab, orodha ya saraka za kupachikwa mashine inapowaka, la sivyo mashine ikiwaka tena itaitafuta seva iliyokufa.