Songea Katika Mizani ya Faida na Hasara

Somo liitwalo uchumi wa uhandisi, ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu hulisoma aghalabu katika miaka ya mwisho, wakiwa wamekwisha kuchoshwa na nguvu za mihimili na mikondo ya umeme, wengi hulidhania kuwa jepesi, kwa kuwa ndani yake hamna ila kujumlisha, kutoa na kuzidisha; walakini ndilo linalomfundisha mhandisi jambo ambalo hesabu nyingine za fani yake haziwezi kumfundisha, nalo ni kwamba daraja laweza kusimama imara miaka mia na bado likawa halikustahili kujengwa, na kwamba njia iliyokataliwa na mabingwa wa makadirio yaweza kuwa ndiyo iliyohitajiwa na nchi nzima. Kwa itikadi yangu, hapana mahali katika Tanzania panapofaa kulifafanulia somo hili kuliko Songea, mji ambao kwa zaidi ya karne moja umekuwa ukikadiriwa na kutiwa katika mizani ya faida na hasara na watu waliokaa mbali nao.

Wajerumani walipojenga boma lao Songea mwaka 1897, kila kitu kilichotoka pwani kilifika vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa ratili 60 hivi, akasafiri majuma kadhaa kutoka Kilwa au Lindi, naye hakuwa na budi kula kila siku ya safari. Kwa hiyo kadiri mwendo ulivyozidi kuwa mrefu, ndivyo thamani ya mzigo ilivyozidi kuliwa njiani. Pembe za ndovu, nta na mpira viliweza kustahimili gharama hiyo, kwani vina uzito mdogo na bei kubwa; mahindi na mtama havikuweza, hata mavuno yakiwa tele namna gani. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya uchumi wa usafirishaji, nayo Wangoni, Wayao na wafanyabiashara wa pwani waliijua kwa tajiriba kabla haijaandikwa ubaoni mbele ya mwanafunzi yeyote.

Mwaka 1905 ilichapishwa Ujerumani taarifa ya Paul Fuchs, aliyepewa kazi ya kuchunguza hali ya uchumi ya nchi ambayo ingepitiwa na Reli ya Kusini, kutoka Kilwa hadi Wiedhafen, yaani Manda, kwenye Ziwa Nyasa. Taarifa za namna hii ndizo babu wa kile tunachokiita leo upembuzi yakinifu: kabla ya kuuliza milima itapasuliwa vipi, mwandishi huuliza nchi itatoa shehena gani, ina watu wangapi wa kufanya kazi, na mtaji utarudi kwa njia zipi. Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Vita vya Maji Maji vilizuka Umatumbi, na ilipofika Septemba moto wake ulikuwa umekwisha kuwaka Ungoni. Mapema mwaka 1906 viongozi wa Wangoni, Nkosi Mputa Gama, Nduna Songea Mbano na makumi ya wenzao, walinyongwa, na baada ya mashamba na maghala kuchomwa ikafuata njaa kuu iliyozimaliza nyumba nyingi. Watu ambao katika daftari za dola walikuwa safu moja tu ya tarakimu, safu ya nguvu-kazi, walikuwa wamedhihirisha kwa damu yao kwamba kodi, kazi za shuruti na pamba ya kulazimishwa ni gharama, wala gharama haiondoki duniani kwa kuwa mwenye daftari hakuiandika.

Reli ile haikujengwa. Fedha ilielekezwa kwenye Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na Kusini ikasalia kungoja. Waingereza nao walipoitawala Tanganyika walipima tena: mwaka 1929 mhandisi Clement Gillman alitoa taarifa ya upimaji wa awali wa njia ya reli ya kuifungua pembe ya kusini-magharibi, na mwaka huo huo uchumi wa dunia ukaanguka, hata makadirio yote ya shehena yakapoteza maana. Kwa kukosa njia, Songea ilipaswa kuchagua mazao yanayoweza kulipia safari yake yenyewe. Ndiyo sababu serikali ilihimiza tumbaku ya kukausha kwa moshi, na mwaka 1936 kikaanzishwa chama cha ushirika cha wakulima wa Ungoni na Umatengo, mashuhuri kwa jina la NGOMAT. Ndiyo sababu pia kahawa ilistawi katika milima ya Mbinga. Na asiyekuwa na tumbaku wala kahawa aliuza kilichobaki, nacho ni mikono yake: vijana kwa maelfu walikwenda kukata mkonge Tanga na Lindi, wakirejea baada ya miezi mingi na ijara haba. Serikali iliyoona kwamba reli haitajilipa haikuiandika popote hasara ya mashamba yaliyokosa mikono na wake waliolea peke yao.

Ikaja kisha hesabu mbovu kuliko zote. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa muda wa majuma tisa tu, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga kwa mashine, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 24. Jimbo la Kusini, ambalo Songea ilikuwa wilaya yake, likajengewa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Matrekta yaliyonunuliwa yakiwa mitumba ya vita yaliharibika, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua hazikufuata ratiba. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na serikali ya Uingereza ikafuta katika vitabu vyake zaidi ya pauni milioni 36. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962, kwa kuwa shehena iliyojengewa haikupatikana. Mwanafunzi anayejifunza kwamba fedha iliyokwisha kuzama isimlazimishe mtu kuzamisha nyingine hana haja ya mfano wa kubuni. Mfano wake umelala katika ardhi ya Kusini.

Elimu yenyewe, kwa sura yake ya kitabu, ilikuwa ikikua kwingineko. Mwaka 1844 Jules Dupuit, mhandisi wa barabara na madaraja wa Ufaransa, alionyesha kwamba manufaa ya daraja hayapimwi kwa ushuru unaokusanywa langoni, kwa sababu wengi wanaolivuka walikuwa tayari kulipa zaidi ya walivyotozwa. Mmarekani Arthur Wellington aliandika mwaka 1877 juu ya kuchagua njia za reli kwa hesabu ya faida, na mwaka 1930 Eugene Grant akatoa kitabu kilicholifanya somo hili kuwa la kawaida katika vyuo vya uhandisi vya Marekani. Kwetu sisi, waliotaka uhandisi iliwapasa kwenda Nairobi au ng'ambo, hata ulipofika mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Kitivo cha Uhandisi, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, kikiwa na idara za ujenzi, mitambo na umeme.

Kitivo hicho kilizaliwa katika wakati wenye mafunzo makubwa. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilikuwa ikijengwa. Benki ya Dunia ilikuwa imetoa rai kwamba reli hiyo haina faida ya kiuchumi. Ila Zambia ilikuwa imezibiwa njia ya baharini na utawala wa walowezi wa Rhodesia, na ukombozi wa Kusini mwa Afrika haukuwa na safu katika daftari za wakopeshaji. China ilitoa mkopo wa karibu yuani milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Reli ilipopita Makambako, Songea ikapata kituo kilicho umbali wa karibu kilomita 300, na katika miaka ya 1980, kwa fedha za msaada wa Uingereza, barabara ya lami ikajengwa kuunganisha miji hiyo miwili.

Asiyeijua njia ile kabla ya lami na amuulize dereva mzee wa Ruvuma. Wakati wa masika lori la mbolea lilikwama katika mteremko wa Lukumburu, utingo akishuka na jembe na matawi ya miti, siku ya pili ikapita, springi ikakatika, na mbolea ikafika baada ya mahindi kuota manjano. Mhandisi akadirie hapo: mafuta, matairi, springi, mshahara wa dereva, yote haya yana risiti. Gunia ambalo mkulima hakulivuna halina risiti, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Na katika miaka ya 1970 serikali ilipoweka bei moja ya mahindi nchi nzima, mkulima wa Songea alilipwa sawa na wa karibu na soko, gharama ya umbali ikabebwa na hazina ya taifa. Mahindi yakaongezeka mno Ruvuma, na ilipoondolewa bei hiyo, umbali ukarudi mabegani mwa mkulima.

Nimalizie historia kwa umeme. Kwa miaka mingi Songea iliwashwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, mtambo ambao bei yake ya kununua ni ndogo na gharama yake ya kuuendesha haikomi, kwani kila lita ilipandishwa kwa malori yaliyounguza mafuta ili kuleta mafuta. Masista Wabenediktini wa Chipole walichukua njia nyingine: katika maporomoko ya Tulila, kwenye Mto Ruvuma, walijenga mtambo wa maji wa megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015 na kuiuzia TANESCO umeme. Mwaka 2018 ikafika laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, kwa mkopo na msaada wa Sweden, na jenereta zikazimwa.

Katika njia hizi tatu za kupata umeme ndimo ilimo siri ya somo zima, nayo ni kiwango cha riba. Shilingi milioni 1 itakayopatikana baada ya miaka 50, ikipunguzwa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kiwango kilichozoeleka kwa muda mrefu katika taasisi za mikopo ya maendeleo, thamani yake ya leo ni shilingi 3,460 tu. Ikipunguzwa kwa asilimia 4, ni shilingi 140,700. Kwa kiwango cha kwanza, mtambo wa maji utakaowanufaisha wajukuu hauna fahari juu ya jenereta. Kwa cha pili, unaishinda. Fomyula ni ile ile na kikokotoo ni kile kile: aliyeamua matokeo ni yule aliyechagua kiwango, na kuchagua kiwango ni kusema wajukuu wana uzito gani mbele ya walio hai. Shirika la watawa, linalotarajia kuwapo baada ya wote wanaoliongoza leo kuzikwa, huona miaka 50 kwa jicho ambalo mkopeshaji wa miaka 10 hanalo.

Kwa hiyo naona ni wajibu wetu kulifundisha somo hili pamoja na historia yake. Mwanafunzi apewe jedwali la riba, na apewe pia Reli ya Kusini, karanga za Nachingwea, TAZARA na jenereta za Songea. Atakiwe kwanza kuikokotoa kila hesabu kama walivyoikokotoa wenyewe, kisha aorodheshe walichokiacha nje na aseme nani alikilipia. Huu si mchezo wa darasani, kwa maana hivi sasa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, imo katika mipango ya serikali, na watakaoulizwa kama itajilipa ni hao walio darasani leo. Wakiandika ndiyo au wakiandika hapana, kila karatasi ya makadirio yao na iwe na safu ya mkulima, safu ya kibarua na safu ya mjukuu, zimejazwa kwa uaminifu ule ule unaojaza safu ya saruji na chuma; mhandisi anayeziacha tupu amekosea hesabu, hata kama jumla yake ni sahihi.