Mwingiliano wa dawa

Mtu akinywa dawa mbili, kisha moja ikabadilisha nguvu au madhara ya nyingine, wataalamu huuita mwingiliano wa dawa. Mitaani utasikia "dawa zimegongana". Usemi huo unaeleweka, ila unagusa nusu tu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza wazee wengi.

Chukua mgonjwa wa demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, anayetumia donepezili, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachovunjavunja asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za neva. Asetilikolini ikibaki nyingi ubongoni, kumbukumbu hupata nafuu kidogo. Lakini kemikali hiyohiyo ipo tumboni pia, na huko huchochea asidi. Sasa magoti yakimsumbua, mjukuu anatumwa duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, ambazo pia ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Asidi inapanda huku kinga ikishuka. Hapo hakuna kilichogongana: dawa zimeshirikiana kumletea mzee vidonda vya tumbo, pengine na kuvuja damu. Akipata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mgongano wa kweli uko kwa amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu ya neva. Yenyewe huziba vipokezi vya asetilikolini ileile ambayo donepezili inailinda. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, nayo inaweza kumzidishia mgonjwa kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo nashikilia "mwingiliano": kuingiliana kunabeba kupingana na kushirikiana kwa pamoja.

Kwa maumivu ya viungo, mara nyingi huanzwa na parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na chini ya hapo kwa mzee aliyekonda au mwenye ini bovu. Linaloniuma ni kwamba mgonjwa wa demensia mara nyingi hawezi kusema tumbo linamuuma. Anasusa chakula, anakuwa mkali, na nyumbani wanadhani ni kusahau kumezidi. Anayemuuguza ampelekee mfamasia dawa zote anazotumia mzee, hata zile zilizonunuliwa bila cheti cha daktari na zile anazomeza siku mojamoja tu.