Maneno ya Virgil na watu waliotuandalia maana zake

Miongoni mwa karatasi za mafunjo zilizofukuliwa katika mchanga wa Misri kuna vipande vya Aeneid, utenzi wa Virgil, vilivyoandikwa kwa namna ya pekee. Mshororo wa Virgil, ambao kwa kawaida huenea upana wote wa safu, umekatwa vipande vya neno moja, mawili au matatu, na vipande hivyo vimepangwa kushuka chini upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna safu ya pili yenye maana zake kwa Kigiriki. Karatasi hizi ni za karne ya 4 hadi ya 6 BK. Zilitumiwa na wanafunzi waliokua wakisema Kigiriki, wengi wao wakitafuta kazi katika ofisi za dola au wakijiandaa kwenda Beirut, mji uliokuwa na shule mashuhuri ya sheria za Kirumi. Kilatini walikipata kwa kumpitia Virgil neno baada ya neno.

Baadhi ya karatasi hizo zinafasiri kila neno, hata viunganishi. Nyingine zinachagua maneno magumu peke yake. Uchaguzi huo ndio unaonivuta katika historia hii. Lipi lielezwe, na lipi msomaji ahesabiwe kuwa analijua? Kila aliyewahi kumwandalia mwenzake msamiati wa kusomea tenzi za Kilatini amelazimika kujibu swali hilo, na katika jibu lake tunamwona msomaji aliyemkusudia.

Virgil alizaliwa mwaka 70 KK karibu na Mantua, kaskazini mwa Italia, akafa mwaka 19 KK kabla ya kuukamilisha utenzi wake. Aliagiza uchomwe moto. Kaisari Augustus akakataa, na rafiki zake mshairi, Varius na Tucca, wakautoa kwa watu: vitabu 12, karibu mishororo 9,900, juu ya Aeneas anayekimbia Troy inayoteketea, anapitia Carthage kwa Malkia Dido, na mwishowe anapigana vita Italia. Shairi likawa kitabu cha shule karibu mara moja. Caecilius Epirota, mwalimu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, ndiye anayekumbukwa kwa kuanza kumfundisha Virgil darasani. Kwenye ngome ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, kimeonekana kipande cha mafunjo cha miaka ya 70 BK chenye mshororo ambao Dido anamlilia dada yake. Mtu fulani katika jeshi la Roma aliujua kiasi cha kuuandika huko nyikani.

Lakini kulijua shairi kwa moyo hakumaanishi kuyaelewa maneno yake yote. Lugha ya tenzi za Kilatini haikuwahi kuwa lugha ya sokoni. Sababu ya kwanza ni kipimo chenyewe, heksamita, ambacho Kilatini kilikipata kutoka kwa Wagiriki kupitia Ennius, mshairi aliyefariki mwaka 169 KK. Heksamita haihesabu mizani kama tunavyohesabu katika utenzi wa Kiswahili. Hupima urefu wa silabi. Mshororo una hatua sita, na kila hatua huanza na silabi ndefu inayofuatwa na fupi mbili au ndefu nyingine moja. Silabi fupi ikibanwa peke yake kati ya ndefu mbili, haina pa kukaa. Basi tazama neno imperator, amiri jeshi, neno ambalo kila askari wa Roma alilitamka. Lina silabi fupi iliyobanwa hivyo hivyo, kwa hiyo haliwezi kuingia katika utenzi wa vita! Ennius alilipenyeza kwa kutumia umbo la kale, induperator. Virgil aliliacha, akamwita kiongozi wa vita ductor, mwenye kuongoza.

Sababu ya pili ni raha ya mshairi. Bahari kwa Mrumi wa kawaida ni mare. Kwa Virgil ni hiyo, na pia ni aequor, yaani uso uliotandazwa sawa. Ni pontus na pelagus, maneno yenye asili ya Kigiriki. Ni altum, kina. Ni sal, chumvi. Jahazi ni navis, lakini msomaji atakutana zaidi na sehemu zake zikisimama badala ya chombo kizima: puppis, ambayo ni tezi, na carina, ambayo ni mkuku. Wakati mwingine chombo huitwa pinus, kwa jina la msonobari uliochongwa kukiunda. Upanga ambao askari aliuita gladius, katika utenzi mara nyingi ni ensis, au ferrum, chuma, au mucro, ncha. Farasi hubeba jina la kishindo cha kwato zake. Mkate unaweza kuitwa Ceres na divai Bacchus, kwa majina ya miungu wao. Aliyejifunza neno moja kwa kila kitu atakwama kabla ya kumaliza kitabu cha kwanza, hata kama sarufi yake haina kasoro.

Warumi wenyewe walikwama. Mwanafalsafa Seneca, akiandika katika miaka ya 60 BK, miaka themanini hivi baada ya kifo cha Virgil, alimwandikia rafiki yake barua akieleza jinsi maneno yanavyochakaa. Mifano yake aliitoa kwa Virgil. Mmojawapo ni jina la nzi anayewatesa ng'ombe malishoni, ambalo watu wa wakati wake hawakulitumia tena. Kabla ya hapo Verrius Flaccus, mwalimu wa wajukuu wa Augustus, alikuwa ameshatunga kitabu kikubwa cha maana za maneno. Kitabu hicho hatunacho. Tuna sehemu ya muhtasari wake uliofanywa na Festus, katika hati moja ya karne ya 11 iliyoungua nusu, na muhtasari wa muhtasari huo uliofanywa na mtawa Paulo Shemasi katika karne ya 8.

Mwalimu aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Servius, aliyefundisha Roma mnamo mwaka 400 BK. Ufafanuzi wake wa Aeneid umetufikia mzima, na kuusoma ni kama kukaa nyuma ya darasa lake. Anachukua neno, anatoa lenye maana karibu nalo, anaonya kwamba matumizi haya ni ya washairi na mwanafunzi asiyaige katika nathari, kisha anasonga. Wapo wanaomwona mkavu. Mimi namwona mtu mwenye huruma. Alijua kwamba vijana walio mbele yake wanasema Kilatini tangu utoto, na bado hakuwaaibisha kwa kutojua maneno ya shairi lililokuwa na umri wa miaka mia nne.

Afrika ina sehemu kubwa katika habari hii, kubwa kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Carthage ya Dido ipo Tunisia ya leo, na katika makumbusho ya Bardo mjini Tunis kuna picha ya vijiwe kutoka Sousse inayomwonyesha Virgil ameketi na hati yake, Mungu-jike wa sanaa upande huu na mwingine upande ule. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ya Algeria, alikiri kwamba utotoni alimlilia Dido. Nonius Marcellus, wa Thubursicum katika eneo hilohilo la Numidia, alikusanya vitabu 20 vya maneno ya kale, na kwa njia hiyo aliokoa vipande vya washairi ambao kazi zao zote nyingine zimepotea. Kisha yupo Priscian, ambaye jadi inamtaja kuwa mtu wa Caesarea ya Mauretania, Cherchell ya leo. Alifundisha Kilatini Konstantinopoli mnamo mwaka 500 BK, kwa watu ambao lugha yao ilikuwa Kigiriki.

Priscian alitunga kitabu kidogo ambacho nakipenda kuliko sarufi yake kubwa iliyotawala shule za Ulaya kwa karne nyingi. Alichukua mshororo wa kwanza wa kila kitabu cha Aeneid, mishororo 12 tu, akaiuliza maswali. Neno hili ni la aina gani? Limetokana na lipi? Kwa nini silabi hii ni ndefu? Ni maneno gani mengine huzaliwa kutoka shina lake? Kutoka mishororo hiyo michache unapatikana msamiati wa mamia ya maneno, kila moja limefungwa kwenye ukoo wake. Mwanafunzi wake hakupewa orodha ya kukariri. Alipewa namna ya kulifuata neno hadi lilikotoka, na aliyeliweza neno moja aliweza na jamaa zake.

Zama za kati nazipita haraka, ingawa zina jambo moja kubwa: mpango wa alfabeti. Orodha za awali zilifuata mtiririko wa shairi, au zilipanga maneno kwa herufi ya kwanza na ya pili tu. Katika karne ya 11 Papias, huko Italia, alijaribu kwenda mbele zaidi. Mwaka 1286 Giovanni Balbi wa Genoa alimaliza kamusi yake, Catholicon, akapanga kila neno hadi herufi ya mwisho, na ilimbidi awaeleze wasomaji kwa kirefu utaratibu huo unavyofanya kazi. Kamusi hiyo ilichapwa Mainz mwaka 1460, miongoni mwa vitabu vikubwa vya mwanzo kupigwa chapa Ulaya. Alfabeti ilirahisisha kutafuta. Ila ilimtenga msomaji na shairi: sasa alipaswa kuuacha mshororo, kufungua kitabu kingine, kisha kurudi.

Ufaransa ya Louis XIV ilijaribu kuuziba mwanya huo kwa ajili ya mtoto mmoja, mrithi wa kiti cha mfalme. Kwa ajili yake zilitayarishwa chapa za waandishi wa Kilatini, chini ya usimamizi wa Pierre-Daniel Huet. Virgil alikabidhiwa kwa Mjesuiti Charles de La Rue, na chapa yake ikatoka mwaka 1675. Juu kuna shairi. Chini yake kuna maelezo ya mishororo hiyohiyo kwa nathari nyepesi ya Kilatini, na baada yake vidokezo. Mwishoni kuna faharasa ya maneno ya mshairi. Kilichotengenezwa kwa mwana wa mfalme kilichapwa tena na tena kwa muda mrefu, kikatumika katika shule za Uingereza na Marekani na watoto wasio na ukoo wowote wa kifalme.

Kamusi kubwa ziliendelea kando. Egidio Forcellini, padri wa seminari ya Padua, aliitumikia kamusi yake kwa miongo kadhaa akafa mwaka 1768. Ilichapwa mwaka 1771, majuzuu manne. Huko New York, Charlton Lewis, ambaye kazi yake ilikuwa sheria, na Charles Short, profesa wa Columbia, walitoa mwaka 1879 kamusi ambayo hadi leo inaitwa kwa majina yao mawili. Short aliandika herufi A peke yake. Zilizobaki zote, B hadi Z, aliziandika Lewis katika saa zake za ziada.

Karne ya 20 ilileta kuhesabu. Gonzalez Lodge, mwaka 1907, alichambua msamiati wa vitabu vilivyosomwa katika shule za sekondari za Marekani, Aeneid 1 hadi 6 vikiwemo, akaonyesha maneno yapi hurudi mara nyingi na yanayostahili kukaririwa kwanza. Mwaka 1930 Clyde Pharr akafanya jambo ambalo kwangu ni la thamani kuliko kamusi nyingi. Katika chapa yake ya vitabu hivyo sita, maneno yasiyotokea mara nyingi yaliwekwa na maana zake papo hapo, chini ya mishororo, ukurasa uleule. Maneno yanayorudi kila mara yaliwekwa katika karatasi ya kukunjua mwishoni mwa kitabu, ambayo mwanafunzi aliitandaza pembeni akaiona wakati wote anaposoma. Macho hayakulazimika kuliacha shairi.

Wapo walimu wanaosema ukurasa wa namna hiyo hulemaza. Sikubaliani nao. Kuna maneno ambayo Virgil aliyatumia mara moja tu katika utenzi mzima, na kumtaka kijana wa miaka 16 ayakariri kabla hajaonja shairi ni kumfungia mlango. Fikiria Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na kubeba tarehe ya mwaka 1728, ambao vita vyake ni vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi ya Konstantinopoli. Kijana wa Mwanza au Eldoret anayekisema Kiswahili kila siku hawezi kuupitia bila kusaidiwa, maana lugha yake ni ya visiwa vya kaskazini na ya zamani. Chapa ya shule yenye maana chini ya kila ubeti ingewafungulia wengi.

Kompyuta imeendeleza hesabu za Lodge. Chuo Kikuu cha Liège kilianzisha mwaka 1961 maabara ya kuchambua matini za Kilatini neno kwa neno, na Chuo cha Dickinson, Marekani, kimetoa orodha ya maneno 1,000 yanayofikia karibu asilimia 70 ya matini ya kawaida. Ni msaada mkubwa kwa anayeanza. Ila katika utenzi, asilimia zinazobaki ndizo zenye ensis, carina na aequor, na hizo ningeshauri zisomwe kwa makundi: bahari pamoja, silaha pamoja, majeraha pamoja, maneno ya ajali na maombolezo pamoja.

Kazi kubwa kuliko zote bado haijaisha. Thesaurus Linguae Latinae ilianza mwaka 1894, na ofisi yake ipo Munich, ambako vijikaratasi takriban milioni 10 vinabeba mifano ya matumizi ya maneno tangu maandishi ya mwanzo ya Kilatini hadi mnamo mwaka 600 BK. Sehemu ya kwanza ilichapwa mwaka 1900. Herufi N na Q zilirukwa, kazi ikasonga mbele hadi P na R. Juzuu zilizokwisha kutoka sasa zinasomwa bure kwenye intaneti, jambo ambalo Servius au Forcellini asingeliota. Hata hivyo maelezo yote ya kamusi hiyo yameandikwa kwa Kilatini. Anayetaka kuitumia atahitaji kwanza kupita katika kurasa za akina Pharr.