Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyethibitisha saratani ya taya za watoto inatibika kwa dawa

UVIMBE unaoanza kwenye taya la mtoto mara nyingi hudhaniwa kuwa ni jino bovu. Jino hung'olewa, mtoto hupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Baada ya muda mfupi uvimbe unakuwa mkubwa zaidi, meno mengine yanalegea na wakati mwingine jicho linaanza kusukumwa nje. Hapo ndipo wazazi hutambua kwamba tatizo halikuwa jino.

Ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga ya mwili, na huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 4 na 9 katika maeneo yenye malaria nyingi. Hakuna saratani nyingi za binadamu zinazokua kwa kasi kama hii, kwani uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Hata hivyo, ni miongoni mwa saratani za mwanzo kabisa duniani kuonekana zikitoweka kwa dawa peke yake, na jambo hilo lilitokea hapa Afrika Mashariki, mikononi mwa daktari mpasuaji ambaye hakuwa na maabara ya utafiti wala mashine ya mionzi.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, lakini akabadili mawazo na kuhitimu udaktari mwaka 1935. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni alikataliwa, kwa hoja kwamba mtu mwenye jicho moja hafai kupelekwa huko. Ilibidi vita kuu ya pili ije, naye akahudumu kama daktari wa jeshi nchini Kenya na Somalia, ndipo mlango ukafunguka. Mwaka 1946 alipangiwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na miaka miwili baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyekuwa amevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Muda si mrefu baadaye, akiwa katika ziara ya kikazi Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ileile, na uchunguzi ukaonyesha kwamba alikuwa na uvimbe tumboni pia. Jambo la ajabu likitokea mara moja huweza kupita hivi hivi. Yeye alipoliona mara ya pili alianza kupekua majalada ya hospitali.

Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Makala hiyo haikuwashtua wengi, na jina alilolipa gonjwa hilo halikuwa sahihi, kwani aliliita sarkoma. Ni wanapatholojia wa Kampala, hasa Mmarekani Gregory O'Conor, waliobaini kwamba ni saratani ya chembe za limfu. Ni haki kulikumbuka hilo, kwa sababu ugonjwa ulikuja kupewa jina la mtu mmoja ilhali kazi ilikuwa ya wengi.

Swali lililomkera Burkitt lilikuwa la kijiografia: kwa nini watoto wa maeneo fulani waugue na wa maeneo mengine wasiugue? Alituma vipeperushi vyenye picha za wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, kisha Oktoba 7, 1961 akaondoka Kampala pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson katika gari kuukuu aina ya Ford. Walisafiri kwa wiki 10, takribani kilomita 16,000, wakapita Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kwa Uhuru na kuendelea hadi kusini mwa bara. Walifika katika hospitali 57, na katika kila moja waliuliza swali lilelile: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Majibu yalichora ukanda. Karibu na Ikweta, ugonjwa haukuonekana katika maeneo yaliyozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo kiwango hicho kilivyoshuka. Baadaye ilieleweka kwamba mpaka huo ulikuwa wa joto na mvua, yaani wa mbu. Zanzibar, iliyoko chini kabisa lakini ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, ilitoa ushahidi wa kuunga mkono hoja hiyo.

Kwa wakazi wa Ruvuma ramani hiyo si habari ya mbali. Kwa kipimo cha Burkitt, mwambao wa Ziwa Nyasa, ulio chini ya mita 500, umo ndani ya ukanda pamoja na nyanda za Tunduru. Vilele vya Umatengo wilayani Mbinga vimo nje. Na Songea mjini, penye zaidi kidogo ya mita 1,000, pako karibu na mpaka.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, ambaye alianza kupokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala na mwaka 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, akatangaza kugundua ndani yake virusi vinavyoitwa leo Epstein-Barr. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tanzania nayo ilichangia. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa, na vimelea vikaanza kuwa sugu. Jibu halikuwa safi kama watafiti walivyotarajia.

Hata hivyo, kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa, sehemu muhimu zaidi ya kazi ya Burkitt ni ile ya tiba. Kama mpasuaji, alikuwa amejaribu kisu na kushindwa: mtoto alibaki na uso ulioharibika na uvimbe ukarudi. Mionzi haikuwapo Uganda. Kuanzia mwaka 1960, kwa msaada wa wataalamu kutoka New York waliokuja na dawa mpya, alianza kutumia methotrekseti, baadaye siklofosfamaidi na vinkristini. Vipimo vilikuwa vidogo na mpangilio haukuwa wa kitaalamu sana. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeupitisha bila maswali. Lakini baadhi ya watoto waliopata dozi moja au mbili tu walipona, na miaka ikapita bila ugonjwa kurudi. Mwaka 1967 alichapisha matokeo hayo, wakati ambapo madaktari wengi bado waliona dawa za saratani kama njia ya kuchelewesha kifo tu.

Mwaka huohuo kituo cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya Mmarekani John Ziegler. Baadaye kiliongozwa na Mganda Charles Olweny, na ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt mwenyewe alikuwa ameondoka mwaka 1966. Alipokea tuzo ya Lasker mwaka 1972, pamoja na watafiti wengine wa tiba ya saratani, akajulikana zaidi Ulaya kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi, na alifariki dunia Machi 23, 1993.

Tiba aliyoianza iliboreshwa. Mwaka 2012, Profesa Twalib Ngoma, aliyewahi kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 356 waliotibiwa Tanzania, Kenya na Nigeria kwa dawa zilezile tatu, zikiambatana na sindano za uti wa mgongo. Baada ya miaka miwili, asilimia 62 walikuwa hai. Katika nchi tajiri, ambako dawa kali zaidi hutolewa chini ya uangalizi mkubwa, wanaopona ni karibu 9 kati ya 10. Tofauti hiyo haitokani na dawa pekee: wapo wanaofika wakiwa wamechelewa, na wapo wanaoacha tiba katikati kwa kukosa nauli.

Wodi ya watoto wenye saratani ilihamia Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Daktari wa Songea au Peramiho anayemshuku mtoto kuwa na ugonjwa huo anatakiwa kuhakikisha kipande cha uvimbe kinachukuliwa na kupimwa haraka, jino lisiguswe, na rufaa iandikwe bila kusubiri. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, safari ya siku nzima kwa basi.