Mashindano ya Harusini katika Miji ya Pwani

Tunapohudhuria harusi ya msomi mjini, mara nyingi twaona jambo ambalo halitangazwi na mshereheshaji. Wale waliosoma chuo kimoja na bwana au bibi harusi wamekaa pamoja, wanacheka na kukumbushana mambo ya bwenini. Na huku kila mmoja anapima kwa pembe ya jicho nani amechanga zaidi, nani amevaa nini, na harusi yake mwenyewe itaipitaje hii. Wako wasemao kwamba tabia hii imeletwa na elimu ya kigeni. Sisi hatukubaliani nao. Tukiitazama historia ya miji ya Pwani, tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, twaona kuwa harusi ilikuwa uwanja wa mashindano ya marafiki tangu zamani.

Neno chuo lenyewe ni la zamani, maana kwa watu wa Pwani chuo kilikuwa kwanza mahali pa kusomea Kurani. Wasichana wa mtaa mmoja walisoma pamoja, wakakua pamoja, wakaolewa katika miaka ya kukaribiana. Walikuwa mashoga, wakiazimana mapambo na kutunziana siri. Hao ndio walioingia katika vyama vya ngoma ya lelemama, na hao hao ndio walioshindana.

Ada ya vyama hivi ilikuwa kwenda viwili viwili. Mombasa wanawake waligawanyika baina ya Ibinaal Watan na Banu Saada. Wanaume nao walikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu pamoja na vyeo vyao: Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, na Tanganyika Marini na Arinoti. Chama kisicho na mpinzani hakikuwa na ladha, kwani umshinde nani? Kwa sababu hiyo mpinzani alikuwa mgeni wa lazima. Karamu iliyopikwa bila yeye kuiona ilikuwa kama haikupikwa.

Lakini mahali ambapo ustadi wa mashindano haya ulionekana wazi zaidi ni katika taarabu ya harusini. Mwimbaji anaimba shairi la mafumbo, halimtaji mtu. Mwanamke mmoja anainuka taratibu, anacheza hadi mbele, na kumtunza mwimbaji fedha wakati ule ule linapofika fungu analolitaka. Hajasema neno. Akirudi kitini, jicho lake linapita kwa aliyekusudiwa, na ukumbi mzima umekwisha fahamu. Sasa aliyekusudiwa yumo katika mtego: akinyamaza, atasemwa kuwa hana la kujibu, akiinuka, amekiri kuwa limempata. Hapana budi angoje wimbo mwingine, pengine harusi nyingine, ajibu kwa fumbo lililo bora. Kanga nazo zilifanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa jina la kanga husomwa na wote na hakuna awezaye kumshitaki aliyeivaa. Walimu wanaofundisha fasihi simulizi wangefaa kulitazama jambo hili kwa makini: hapa hadhira ndiyo inayolipa shairi maana yake, na maana hiyo hubadilika kila harusi.

Hatutaki kuyapamba mambo kupita kiasi. Mashindano haya yaligharimu sana. Vidani na bangili viliwekwa rehani ili sare zishonwe na ng'ombe wachinjwe, na vingine havikukombolewa. Kulikuwa na mashoga wa utotoni walioacha kusemezana. Masheikh walikemea ubadhirifu, na wakuu wa serikali ya kikoloni walizitazama ngoma hizi kwa wasiwasi, kwa kuwa hawakuelewa ni nani aliyewapa watu hawa majemadari na makarani.

Wasiwasi huo ulikuwa na sababu, ingawa si ile waliyoidhani. Ili kushinda harusini, chama kilihitaji kiongozi anayetiiwa, mwenye kutunza fedha, orodha ya wanachama, michango inayolipwa kwa wakati, na wapelekaji habari wawezao kukusanya wanawake wa mitaa mingi kwa siku moja. Wanawake ambao hawakupewa nafasi katika ofisi yoyote ya kikoloni waliyajifunza hayo yote kwenye ngoma.

Chama cha TANU kilipoanzishwa Julai 7, 1954, wanawake walikuwa wachache mno ndani yake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed akapewa kazi ya kuongoza sehemu ya wanawake. Yeye hakuwa karani wala mwalimu. Alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na miongoni mwao walikuwamo wale ambao vikundi vyao vilikuwa vikipimana nguvu kwa miaka. Kiongozi mmoja alipokubali, kundi lake lote lilimfuata, na wapinzani wao hawakuwa tayari kuachwa nyuma. Maelfu ya wanawake walichukua kadi katika muda mfupi, wakati ambapo wanaume wengi waliokuwa watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga. Katika mikutano ya hadhara walikuja na sare zao na nyimbo zao, wakasimama upande mmoja wa uwanja pamoja na wale waliozoea kusimama nao pande mbili za ua la harusi.