Windows si Access, na Story Ilianza na Kubeti

Wasee, tuelewane: Windows na Access si kitu kimoja, hata kama zote ni za Microsoft. Windows ni mfumo endeshi. Ndio unagawa memori na kuongea na diski, kibodi na skrini. Access ni programu ya hifadhidata: inapanga rekodi zako kwa jedwali, halafu ukiuliza "nani hajalipa?" inakujibu.

Historia inazitenganisha vizuri. Mwaka 1978, Wayne Ratliff, aliyekuwa akifanya kazi kwa maabara ya JPL kule California, alitaka kushinda mchezo wa ofisini wa kubashiri futiboli ya Marekani. Eeh, kubeti! Takwimu zilikuwa mob, karatasi ikamshinda, akaandika programu akaiita Vulcan. Baadaye kampuni ya Ashton-Tate ikaiuza kama dBASE II. dBASE I haikuwahi kuwepo. Hiyo "II" ilikuwa ya kuvutia wateja tu.

Mwanzoni dBASE II ilikaa juu ya mfumo endeshi wa CP/M. IBM PC ikaja 1981 na DOS, CP/M ikafifia, dBASE ikahamia DOS. Access yenyewe ilitoka 1992, ikikaa juu ya Windows.

Lakini faili za .dbf za dBASE bado ziko. Pakua ramani ya kaunti zetu 47 kama shapefile: majina ya kaunti yamebebwa na .dbf.

Mfumo endeshi ni landilodi. Rekodi ni vyombo vyako. Kwa hivyo kabla uweke hesabu za chama au duka kwa programu yoyote, uliza: siku nikihama, nitatoka na vyombo vyangu?