Boksi la Transfa na Ubovu Wake
Boksi la transfa, yaani kasha la giya linalofungwa nyuma ya giaboksi ili kugawa nguvu za injini kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lilikuwa chombo rahisi katika Jeep za jeshi la Marekani za mwaka 1941, kwa kuwa dereva aliunganisha magurudumu ya mbele kwa mkono pale tu tope lilipomlazimu. Range Rover ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1970, iliendesha magurudumu yote manne wakati wote, na kwa hiyo ilihitaji difu ya katikati, ambayo huruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti katika kona.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Range Rover ilipewa transfa ya cheni yenye kiungo cha mnato, yaani kopo lililozibwa, lenye sahani nyembamba ndani ya kimiminika kizito cha silikoni, ambalo huibana difu bila dereva kugusa kitu. Hapo ubovu ukawa wa kificho: kiungo kikizeeka na kuganda, gari huenda sawa barabara ikinyooka, lakini likikata kona kali juu ya lami kavu, usukani huwa mzito na tairi hukwaruza na kulika upesi. Baadhi ya wamiliki walifungua propela ya mbele, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, wakaendelea na safari, ujanja unaofaa kwa kiungo kilichoganda tu, kwani kikiwa kimelegea nguvu zote hukimbilia upande usio na mzigo na gari halisogei. Tiba halisi ni kubadilisha kiungo chenyewe.